Mahali pa Mvutaji katika Majumba ya Arusha

Mtu aliyetaka kuvuta tumbaku katika nchi za Waswahili wa zamani hakuhitaji kuonyeshwa mahali pa kukaa, kwa maana chombo chenyewe kilimketisha. Kiko cha nazi kilikuwa na maji ndani yake, na bori la kutilia tumbaku, na digali la kulichukua bori. Mwenye nacho hakuweza kwenda nacho njiani. Alikaa barazani, na malio ya kiko yakawaarifu jirani kwamba mwenye nyumba yupo. Bara, chini ya Mlima Meru, ugoro ndio uliokuwa na heshima kubwa kwa wazee wa Kiarusha na wa Kimasai: tumbaku iliyosagwa pamoja na magadi, ikachukuliwa katika kichombo kidogo kilichoning'inia shingoni. Ugoro hauna moshi. Mzee aliunusa kikaoni, akamgawia mwenziwe, na aliyeketi kando yao hakupatwa na neno lolote ila kusikia chafya. Moshi uliokuwamo nyumbani ulikuwa wa meko, na huo haukuwa na mwenyewe wa kulaumiwa. Juu ya hayo palikuwa na adabu ambayo haikuandikwa na mtu: kijana hakuvuta mbele ya baba yake, wala mbele ya mtu wa hirimu ya baba yake. Basi swali la nani avute, na avutie wapi, lilikuwa limekwisha jibiwa na umri na chombo kabla ya sheria yoyote kutungwa.

Sigara iliuvunja mpango huo. Ilikuwa fupi, haikuhitaji ila kiberiti, ilitembea na mwenye kuivuta na kuingia naye garini, ofisini, dukani na sinema. Serikali ya Mwingereza, iliyoishika Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ilikuwa hodari wa kutenga: palikuwa na shule, hospitali na vilabu vya Wazungu, vya Wahindi na vya Waafrika, kila watu mahali pao. Walakini haikuona haja ya kuutenga moshi. Mtu aliweza kukatazwa mlango kwa ajili ya rangi ya ngozi yake, na ndani ya mlango ule ule Bwana Shauri akavuta mbele ya makarani wake siku nzima, na makarani wakapumua alichokitoa. Si ajabu kubwa kwa zama zile. Madaktari wenyewe walikuwa wakivuta.

Arusha yenyewe ilipata riziki katika moshi. Miaka ya 1950 jiwe jeupe na jepesi liitwalo meerschaum, jina ambalo kwa Kijerumani maana yake ni povu la bahari, lilichimbwa upande wa Tanganyika karibu na Amboseli. Jiwe hilo hustahimili moto na kufyonza unyevu wa tumbaku, na kwa sababu hiyo hupendwa na watengenezaji wa viko. Shirika la Tanganyika Meerschaum Corporation likawa na kiwanda mjini Arusha, likatengeneza viko vya kuuzwa nchi za ng'ambo, na alama yake ya biashara iliyojulikana kupita zote ikaitwa Kiko. Yamkini wazee wengi wa Ulaya waliokishika chombo hicho mkononi miaka ya 1960 hawakujua kwamba wanatamka neno la Kiswahili. Mji uliowauzia walimwengu viko ulikuja kupokea kutoka kwa walimwengu, baada ya miaka hamsini hivi, amri za mahali pa kuvutia.

Jumba lililoubadili mji ni lile lililojengwa ili liwe makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza. Jumuiya ilivunjika mwaka 1977, na mwaka uliofuata jumba likafanywa Kituo cha Mikutano ya Kimataifa cha Arusha. Lina mabawa matatu yaliyopewa majina ya Kilimanjaro, Ngorongoro na Serengeti. Ni jumba la zama zake. Katika miaka hiyo, popote duniani, kisahani cha majivu kilikuwa katika vyombo vya meza ya mkutano kama ilivyokuwa glasi ya maji, na mchoraji wa nyumba aliyejiuliza moshi utakwenda wapi alijibiwa na dirisha.

Mwezi wa Novemba 1994 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliunda mahakama ya kuwahukumu walioongoza mauaji ya kimbari ya Rwanda, na mwezi wa Februari 1995 likaamua kwamba makao yake yawe Arusha. Mahakama ikapanga katika jumba hilo la mikutano, ikakaa humo hadi ilipofungwa mwishoni mwa mwaka 2015. Hapo ndipo habari ya moshi ilipokuwa habari ya mamlaka. Mpangaji alikuwa Umoja wa Mataifa, mwenye nyumba alikuwa shirika la Serikali ya Tanzania, na kila mmoja alikuwa na sheria yake.

Sheria ya Tanzania ya kusimamia bidhaa za tumbaku ilitungwa mwaka 2003. Ilikataza kuvuta katika mahali pa watu wote, kama vile nyumba za matibabu na shule, lakini ilikubali kwamba katika majengo mengine mwenye jengo aweza kutenga mahali pa wavutaji. Mwaka huo huo Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Kofi Annan, alipiga marufuku kuvuta ndani ya makao makuu ya New York. Baadhi ya mabalozi hawakumsikiliza. Wa mbele yao alikuwa balozi wa Urusi, Sergey Lavrov, naye alikuwa mvutaji. Hoja yao haikuwa kwamba moshi haudhuru. Walisema nyumba ile ni ya mataifa wanachama, na Katibu Mkuu ni mtumishi tu aliyeajiriwa kuitunza; mtumishi hawezi kumwamuru mwenye nyumba. Kisa hicho kilichekesha watu wakati ule, lakini ndani yake mlikuwa na swali lenyewe lote. Ilipasa kungoja mpaka Novemba 2008, ambapo Baraza Kuu, yaani wenye nyumba kwa jina lao, lilipitisha azimio nambari 63/8 la kukataza kabisa kuvuta ndani ya majengo ya Umoja, ya makao makuu na ya ofisi zake za mikoa na za nchi, na kukataza kuuza tumbaku humo. Tangu siku hiyo mtu aliyepita kutoka upande wa mpangaji kwenda upande wa mwenye nyumba, katika jumba moja la Arusha, alitoka katika amri isiyokubali chumba cha wavutaji akaingia katika sheria iliyokikubali. Hakuvuka mpaka wowote ulioonekana kwa macho.

Wakati huo huo jambo la pili lilikuwa likikua mbali na mabaraza ya mabalozi. Mwaka 1993 liliundwa nchini Marekani Baraza la Majengo ya Kijani, yaani majengo yanayobana matumizi ya nishati na maji na kuwatunzia wakaaji wake hewa njema. Hati yake, iitwayo LEED, ilianza kutolewa mwishoni mwa miaka hiyo ya 1990, na kuuzuia moshi wa tumbaku kukawa miongoni mwa masharti ya lazima: jengo lisilolitimiza halipati hati, hata likiwa na sifa nyingine zote. Walakini sharti lenyewe hapo kwanza lilikuwa na mlango wa nyuma. Mwenye jengo aliweza kuchagua mojawapo ya mambo mawili. La kwanza, kukataza kuvuta ndani, na mahali pa wavutaji nje pawe mbali na milango, madirisha yanayofunguka na matundu ya kuvutia hewa, kwa futi 25, yaani mita 7 na nusu hivi. La pili, kuwajengea wavutaji chumba ndani.

Chumba hicho ni kazi ya werevu mkubwa. Kuta zake zilipasa kupanda kutoka sakafuni mpaka sakafu ya juu yake, bila kuishia kwenye dari, ili moshi usipite juu ya dari kwenda kwa jirani. Hewa yake ilipasa kutolewa nje moja kwa moja, isirudi katika mifereji ya hewa ya jengo. Na chumba chenyewe kilipasa kuwa na hewa pungufu kuliko vyumba vilivyokizunguka, ili ufa ukiwapo hewa iingie, isitoke. Upungufu uliotakiwa ulikuwa wastani wa paskali 5, wala usipungue paskali 1 milango ikiwa imefungwa. Msomaji ataona udogo wa kipimo hicho akikumbuka kwamba uzito wa hewa ya kawaida pwani ni kiasi cha paskali 100,000. Na maneno "milango ikiwa imefungwa" ndiyo yanayoufisha mpango wote, kwa sababu chumba cha wavutaji ni chumba ambacho watu huingia na kutoka kila baada ya dakika chache. Kila mlango ufungukapo, moshi hutoka mgongoni mwa mtu kama mbwa amfuataye bwana wake.

Mafundi wenyewe ndio waliokiri. Mwaka 2005 chama cha Marekani cha wahandisi wa kupasha joto, kupoza na kupitisha hewa, ASHRAE, kilitangaza kwamba hakuna mtambo wa kupitisha hewa unaoweza kuondoa hatari ya moshi wa tumbaku ndani ya nyumba, na njia iliyopo ni kukataza. Lilikuwa tangazo la heshima, maana watu hao huishi kwa kuuza mitambo. Mwaka 2007 nchi zilizotia mkono Mkataba wa Dunia wa kudhibiti tumbaku zilikubaliana huko Bangkok juu ya mwongozo uliosema hayo hayo, na Tanzania ilikuwa imeuridhia mkataba huo mwezi wa Aprili mwaka ule ule. Masharti mapya ya LEED yaliyotoka mwaka 2013 yakaufunga mlango wa nyuma, isipokuwa kwa nyumba za makazi. Sheria ya Tanzania ya 2003 ilikuwa imetungwa wakati mafundi bado wanakiamini chumba. Haistahili kulaumiwa kwa kutojua lililokuwa halijakirika.

Hivyo mvutaji akatolewa nje, na wengi wakadhani kwamba jambo limekwisha. Katika nchi za baridi kali na za joto kali pengine lilikwisha, kwa kuwa majumba yao hufungwa kama sanduku na hewa yake huletwa kwa mitambo. Arusha si nchi ya namna hiyo. Mji uko kiasi cha mita 1,400 juu ya bahari. Hauna haja ya mtambo wa kupoza hewa kama Dar es Salaam, na jengo la kijani lililojengwa kwa akili hapa ni jengo linalopumua kwa madirisha. Mfano ulio karibu uko Gigiri, Nairobi, mji mwingine wa nyanda za juu, ambako ofisi mpya za Umoja wa Mataifa zilifunguliwa mwezi wa Machi 2011 na Rais Mwai Kibaki pamoja na Katibu Mkuu Ban Ki-moon. Paa lake lilitandikwa mabamba ya kunasa nguvu za jua ya eneo la mita za mraba 6,000 hivi, na hewa huingia kwa madirisha, hupanda katika nyua za ndani zilizo katikati na kutokea juu, bila mtambo wa kupoza. Ni jengo la kusifiwa. Lakini jengo la namna hiyo halichagui linachopumua. Sanduku lililofungwa humkataa mvutaji aliye mlangoni, hata kwa ukuta wake tu; jengo linalopumua huivuta sigara yake pamoja naye.

Kwa sababu hiyo, kadiri jengo la Arusha linavyokuwa la kijani kwa maana iliyo bora, ndivyo hatua chache za mvutaji zinavyokuwa na uzito zaidi. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford waliupima moshi wa sigara mahali pa wazi, wakatangaza mwaka 2007 kwamba mtu aliyeketi karibu na mvutaji barazani aweza kupata moshi mwingi kama wa ndani ya nyumba, na kwamba moshi huo hupungua upesi mtu akijitenga zaidi ya mita mbili, na hutoweka mara sigara izimwapo. Basi mita 7 na nusu si kipimo cha kubahatisha. Lakini ni kipimo cha mahali ambapo upepo hauna upande. Chini ya mlima upepo una upande: usiku na alfajiri hewa ya baridi huteremka mteremkoni, na mchana hewa iliyopata joto hupanda. Mahali palipochaguliwa asubuhi kuwa chini ya upepo huwa juu ya upepo saa saba, wakati wafanyakazi wametoka kula na wavutaji ni wengi.

Nchi jirani zimekadiria kwa namna zao. Kenya ilitunga sheria yake mwaka 2007, na mji wa Nairobi ukajulikana kwa vituo vya wavutaji vilivyotengwa mjini. Uganda, kwa sheria ya mwaka 2015, ilikataza kuvuta ndani ya mita 50 za mahali pa watu wote, kipimo ambacho katikati ya mji wowote hakimwachii mvutaji ila barabara, na hata hiyo si yote. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya sasa, yaliyojengwa Arusha kwa msaada wa Ujerumani na kufunguliwa Novemba 2012, hukusanya chini ya paa moja maofisa waliolelewa katika sheria hizo zote. Mtu wa Kampala na mtu wa Nairobi wakitoka pamoja mlangoni wakiwa na sigara mkononi, kila mmoja ana hesabu yake ya hatua.

Hesabu hizo zote humwishia askari wa mlangoni. Yeye ndiye atakayemwambia mkurugenzi, au wakili, au mgeni aliyeshuka katika gari lenye bendera, kwamba asogee kule. Historia ya New York yaonyesha jinsi kazi hiyo ilivyomshinda Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Na askari wa lindo ana mkataba wa kazi mfupi kuliko wa Kofi Annan. Tena katika nchi hii kuna ile adabu ya zamani, ambayo sasa imegeuka. Zamani kijana alijificha mzee asimwone akivuta. Leo kijana aliyevaa sare apaswa kumkemea mzee avutaye, na hana neno la kuanzia ila "Shikamoo". Wengi hutoa shikamoo, wakaishia hapo.

Kuna na watu wengine ambao hati za kijani hazikuwahesabu. Mahali pa wavutaji hutafutwa mara nyingi nyuma ya jengo, karibu na maegesho ya magari, kwa kuwa wakubwa hawapendi paonekane na wageni. Lakini nyuma ya jengo hapana utupu. Hapo madereva hungoja, hapo wafagiaji hukaa wakati wa mapumziko, hapo mama lishe huleta chakula saa sita. Mahesabu ya hati hupimwa kutoka mlangoni na dirishani kwenda kwa mvutaji. Hakuna futi iliyopimwa kutoka kwa mvutaji kwenda kwenye benchi la dereva. Kwa hiyo moshi ulioondolewa kwa karani aliye ghorofani hupewa mtu asiye na ghorofa, na jengo likapata hati kwa haki kabisa. Wapo wasemao kwamba hao wako nje, na nje hewa ni nyingi. Kipimo cha Stanford chajibu hoja hiyo kwa yeyote anayekaa benchi moja na mvutaji, akingoja mkutano wa bwana wake uishe saa kumi.

Hati nyingine haiingii kabisa katika jambo hili. EDGE, iliyobuniwa na Shirika la Fedha la Kimataifa kwa ajili ya nchi zinazoendelea, hupima akiba ya nishati na ya maji, kila moja kwa asilimia 20 angalau, pamoja na vifaa vya ujenzi. Ni kipimo chepesi na cha gharama ndogo. Juu ya moshi wa tumbaku hakisemi neno. Mwenye jengo aliyeipata aweza kuandika mlangoni kwamba jengo lake ni la kijani, na ndani yake kila mtu akavuta; aliyesoma kibao hicho hana njia ya kujua ni kijani kipi.

Mwezi wa Novemba 2016 taasisi iliyorithi kazi za mahakama ya Rwanda ilifungua majengo yake mapya Lakilaki, katika Wilaya ya Arumeru, nje ya mji, kando ya barabara iliyopewa jina la Haki. Kwa ofisi kama hizo, zenye uwanja mpana, mita 7 na nusu si taabu, wala hata 50. Taabu ni ya majengo ya mjini yaliyobanana, yenye kiwanja cha upana wa magari mawili, ambako mita ya nane kutoka dirisha moja ni mita ya kwanza kutoka dirisha la jirani.

Tena iko masika. Kuanzia Machi mpaka Mei mvua ya Meru hunyesha kwa saa nyingi, na mahali pa wavutaji penye kibao tu na pipa la mchanga hapana mtu. Mchoraji aliyeujua mji huu huweka katika ramani yake, tangu siku ya kwanza, kibanda chenye paa na pande nne zilizo wazi, mbali na madirisha na mbali na benchi la madereva, na njia yenye paa ya kukifikia. Gharama yake ni ndogo kuliko ya bamba moja la jua. Pasipo paa hilo, mvua ya kwanza hulirudisha kundi zima chini ya upenu, na askari wa zamu akabaki kuchagua kati ya kuwatoa wakubwa wake mvuani na kuyafunga madirisha ya jengo lililojengwa ili lisifungwe.